Shati la Kwenda Isongole

Daftari hili ni la Amoni wa kijiji cha Ruanda, mwandika magunia wa Mlowo. Ukiliokota, lifunge ulirudishe. Ukilisoma bila ruhusa, ujue na wewe nimeshakuandika humu, na mabaya yako yote.

Jumamosi, 8 Juni 2002

Mwalimu wetu wa kidato cha pili alisema nina mwandiko wa karani na akili za fisi. Kidato cha tatu sikukiona, mwandiko nikabaki nao. Sasa ndio unaonilisha. Hapa ghalani Mlowo, gunia la kahawa likishashonwa mdomo, napita mimi na brashi na rangi nyeusi naandika namba na jina la tajiri. Gunia langu utalijua hata likiwa juu ya lori linakwenda kwa kasi. Wenzangu wanabeba, mimi naandika. Wanasema ni uvivu. Nawaambia ni elimu.

Leo kuna jambo. Baba mdogo Eliudi, ambaye ndiye mshenga wangu, amerudi kutoka Isongole na jibu. Mzee Jonasi, baba yake Tumpale, amesema, "Barua nimeisoma. Mwandiko mzuri. Sasa aje mwenye mwandiko." Siku aliyotoa ni Jumamosi ya tarehe 17 Agosti.

Tumpale yuko hapa Mlowo kwa shangazi yake, wanauza maharage. Nilimwandikia jina kwenye gunia lake, nikalizungushia maua. Anasema alinipendea herufi. Mimi najua ni sura, ila msichana lazima aanzie mahali.

Jumanne, 11 Juni

Baridi kali, rangi inaganda kwenye kopo.

Hapa naandika kitu ambacho mdomo wangu haujawahi kukitoa. Mkono wangu wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Inchi mbili. Nimeupima kwa chaki ukutani, mlango nimeufunga. Ulivunjika juu, karibu na bega, nikiwa mtoto, ukaunga ulivyotaka wenyewe. Nikinunua shati la mtumba nakunja mikono yote mpaka juu, basi hakuna anayejua. Vijana wa Mlowo wanadhani ni staili. Emanueli mpakia magunia ameshaniiga, na wengine wamemwiga Emanueli. Nusu ya mji huu inatembea na mikono ya shati imekunjwa kwa sababu mimi nilianguka.

Kwa mkwe haikunjwi. Tumpale ameniambia kwao ukienda mbele ya mzee umekunja mikono ya shati, ni kama umekuja kupigana. Vifungo vinafungwa mpaka chini.

Tena kaniambia habari nyingine, bila kujua ananichoma. Dada yake, Ikupa, aliletewa mchumba miaka miwili iliyopita. Kijana mzuri, ana duka. Alikuwa amekatwa kidole na mashine ya kusaga. Mzee alimtazama siku mbili, akamrudisha kwao.

"Kwa kidole kimoja?"

"Kwa kidole kimoja."

"Na mkono je?"

Tumpale akanitazama. Mkono wangu anaujua, nimemshika nao. "Mwambie tu baba," akasema. "Mkono ni mkono."

Yeye ni msichana, haelewi. Mtu akipunguzwa kidole ananyimwa mke, mimi nikatangaze inchi mbili? Nitashonesha shati la kupima. Kila mkono wa shati uishie penye kifundo, basi mzee hataona kitu.

Jumamosi, 15 Juni

Jana nilivuka Nakonde, nikachagua kitambaa cheupe chenye mistari myembamba ya buluu. Mama wa Kizambia akasema kwa heshima zao, "Mukwai, hiki ni cha mabosi." Nikamwambia ndiyo maana nimekuja mwenyewe.

Fundi ni Severini, yule Mfipa mwenye cherehani barazani karibu na stendi. Wanasema mkono wake ni mzuri. Ana miwani iliyofungwa uzi, na tepu yake ya kupimia imeliwa kichwa: inaanza na inchi ya tatu. Zile mbili za mwanzo zilikatika zamani, watu wakiwa bado wanapanga foleni ya sukari. Akipima, anasoma, halafu anatoa mbili kichwani, anaandika. Hakosei, anasema. Amezoea.

"Nyoosha mkono." Nikanyoosha wa kulia. Tepu ikasema ishirini na sita, yeye akaandika ishirini na nne.

"Na wa pili."

"Wa pili ni kama huo, fundi. Nilizaliwa nao siku moja."

Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, mkono wa pili."

"Mafundi wa Tunduma wanapima mmoja wanakata miwili. Au huku bado hamjafika?"

Akairudisha tepu shingoni. Halafu akafunga daftari lake. "Haya. Mmoja."

Nilikuwa na hesabu yangu. Siku ya kujaribu ningeuona wa kushoto, ningesema "punguza huu kidogo," kama mtu mwenye maringo tu, na mambo yangeisha. Fisi nani sasa?

Jumatano, 19 Juni

Magunia mia mbili na kumi. Shati bado.

Jumamosi, 29 Juni

Nimelijaribu. Wa kulia umekaa kama umeota. Wa kushoto umefunika vidole mpaka kwenye kucha.

"Fundi, huu mrefu. Punguza huu."

Akanivua shati, akalilaza mezani, akaweka mkono juu ya mkono. Sawasawa, hata uzi haukuzidi. "Hii yote ni sawa. Nikipunguza mmoja, shati litakuwa kilema."

Neno hilo lilinipata vibaya.

"Mkono wako wa kushoto una nini?" akauliza.

"Hauna kitu. Wewe ndiye uliyeshona kwa jicho moja."

"Umesimama vizuri?"

"Nimesimama kama askari."

Emanueli alikuwa amekaa kwenye benchi anakula muwa. Angekuwa hayupo labda ningesema. Labda. Akasema, "Fundi, huyu bega lake linajisikia tu, linajipandisha." Wakacheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Fundi akasema atapunguza inchi moja moja pande zote, tukutane katikati. Nikakubali. Kukutana katikati na nani, sijui.

Jumamosi, 6 Julai

Shati sasa lina makosa mawili. Wa kulia umekuwa mfupi inchi moja, wa kushoto bado mrefu inchi moja. Nilisimama pale kama saa ya ukutani iliyoharibika.

"Umefurahi?" fundi akauliza. Hakuuliza kwa ubaya, na hilo liliniudhi zaidi.

"Nimefurahi nini? Kwa shati hili mkwe atanipa mbuzi, si binti."

"Basi niambie nifanye nini. Mimi nashona ninachoambiwa."

Nikaitazama ile tepu shingoni mwake. Hapo nikapata pa kuegemeza. "Tatizo ni hiyo tepu yako. Tepu haina kichwa, shati litapata wapi akili?"

Jumapili, 7 Julai

Sikukuu. Tumpale kaniuliza kuhusu shati. Nimemwambia liko tayari kasoro vifungo.

Jumamosi, 13 Julai

Nimekwenda Nakonde tena, nimemnunulia fundi tepu mpya, ya njano, ina kichwa na mkia wa bati. Nimempa mbele za watu. "Zawadi," nikasema, "kwa niaba ya wateja wote waliotembea na suruali fupi."

Aliipokea kwa mikono miwili. "Asante, kijana." Akaikunja taratibu, akaiweka shingoni, ile ya zamani akaitia mfukoni. Nilitaka akasirike. Hakukasirika.

Kitambaa kilichobaki kinatosha mikono miwili, basi. Amesema atafumua ile ya zamani, apime upya, akate mipya. Akanipima wa kulia. Akasimama na tepu hewani.

"Na wa kushoto, kijana?"

Benchi lilikuwa tupu leo. Hakukuwa na Emanueli wala mtu. Ni mimi, yeye na kuku wa mama wa chai. Sijui kwa nini nilisema nilichosema.

"Fundi, tumeshaongea habari hiyo."

Jumatatu, 22 Julai

Upepo na vumbi. Tumpale amerudi kwao kusaidia kuvuna. Kabla hajapanda gari kasema, "Amoni, uje ulivyo." Nikamwambia nitakuja zaidi ya nilivyo.

Jumamosi, 27 Julai

Leo naandika sana kwa sababu nina hasira.

Nilipofika barazani, fundi alikuwa na wageni. Mama Tulinagwe, kiongozi wa kwaya, yule anayeuza vitenge pale sokoni, amekuja na wanakwaya wawili kuagiza sare. Watu thelathini na wawili. Kazi ya namna hiyo fundi anaipata mara moja kwa miaka. Mama Tulinagwe alikuwa anashika kitambaa, anauliza kola itakuwaje.

Nikavaa shati langu. Wa kulia uliishia inchi mbili juu ya kifundo, kama mtu anayetaka kunawa. Wa kushoto, kwa mara ya kwanza tangu Juni, umekaa pale pale.

Fundi akaiona. Akatoa ile tepu mpya shingoni, akanipima tena, midomo inahesabu. Nikaona uso wake unabadilika. "Ishirini na nne," akasema polepole. "Tepu imesema ishirini na nne. Na mimi nikatoa mbili."

Alitoa mbili. Amezitoa miaka yote, mkono umezoea, kichwa kimezoea. Nimemletea tepu nzima, naye akaikata kichwa mwenyewe.

"Nisamehe, kijana. Hili ni kosa langu."

Angesema lingine lolote ningenyamaza. Lakini kusema kosa ni lake, siku hiyo tu, mbele za watu, ilikuwa kama kunifungulia mlango wa ghala. Nikaingia na kila kitu. Nikasema, jamani, njooni muone fundi asiyejua kuhesabu. Nikasema kwaya ikishonewa hapa, siku ya kuimba nusu watainua mikono na nusu watainua matumbo. Nikasema huyu ndiye aliyenitesa miezi miwili, shati moja, mara tatu, na kila mara kosa lake. Watu wa stendi walikusanyika. Niliwachekesha kweli. Hata kondakta mmoja alicheka akasahau abiria.

Mama Tulinagwe hakucheka. Alikunja kitambaa chake. "Fundi, tutakuja siku nyingine," akasema. Wakaondoka wote watatu, kitambaa wameondoka nacho.

Fundi alikaa kwenye cherehani. Hakuwa na kitu cha kushona, akawa anafuta tu meza ya mashine kwa kitambaa, pale pale, pale pale.

Jioni Emanueli kanipiga begani. "Leo umemtengeneza mzee."

Nimecheka. Lakini jambo ni hili, na daftari halina mdomo: kosa la leo ni lake. Yale mawili ya kwanza ni ya nani?

Jumatano, 31 Julai

Magunia mia na tisini. Nimeandika jina la tajiri vibaya mara tatu. Mara tatu, mimi.

Jumapili, 4 Agosti

Kwaya wamepimwa kwa fundi mwingine, yule wa karibu na soko. Nimesikia kanisani.

Jumatano, 7 Agosti

Siku kumi zimebaki. Nimekwenda Nakonde, kitambaa kile kimekwisha. Yule mama anacho cha mistari ya kijani. Nimerudi Tunduma kwa miguu nikizunguka malori yanayosubiri kuvuka, duka kwa duka. Hakuna. Shati langu lina mikono ya mtoto wa darasa la tano na kitambaa kimekwisha. Nimefikiria kuazima shati la Emanueli. Kola yake ina rangi ya chai.

Jumamosi, 10 Agosti

Nimekwenda kwa fundi asubuhi, kabla mama wa chai hajawasha moto. Nilitaka kwanza kuzungumza mambo ya hali ya hewa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba." Hakuinua kichwa.

"Upepo wa mwaka huu."

"Upo."

Nikakaa kwenye benchi. Nikasimama. Nikakaa. Halafu nikasema. Nimeandika magunia elfu ngapi sijui, lakini maneno yale kumi yalikuwa mazito kuliko yote: "Fundi, mkono wangu wa kushoto ni mfupi. Inchi mbili. Nilikuficha."

Akaacha cherehani.

"Ulivunjika?"

Nikamwambia. Nilikuwa na miaka minane. Jirani yetu pale Ruanda alikuwa na mparachichi, na sisi hatukuwa na mparachichi. Nikapanda, tawi likakatika, nikaangukia mkono. Nikaogopa kupigwa. Nikavaa sweta, nikaingiza mkono ndani, nikamwambia mama tumbo linauma. Nikalala na tumbo langu la uongo siku tatu. Mama alipokuja kunivua sweta, mkono umevimba kama mgomba, na mfupa umeshajipangia njia yake.

"Siku tatu," fundi akasema.

"Siku tatu."

"Na mimi umenipa miezi miwili."

Nikaanza kukunjua mikono ya shati niliyovaa.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Mtu akiingia barazani kwangu natazama mabega kabla ya uso. Lakini mkono ni wako. Nikikata bila wewe kusema, ukikasirika utaniambia nimekufanya kilema. Yamenipata hayo, kwa mtu mwingine. Ndiyo maana nasubiri mteja aseme."

"Mbona siku ile hukuwaambia watu?"

"Niwaambie nini? Kwamba mteja wangu ana mkono mfupi? Ulikuwa unakwenda kwa mkwe."

Afadhali angenipiga na pasi.

Akaingia ndani, akatoka na mfuko. Mle ndani ilikuwamo ile mikono ya kwanza, aliyoifumua Julai. Akageuza wa kulia ndani nje, akanionyesha: ile inchi aliyopunguza hakuikata. Aliikunja tu kwa ndani, akaipitisha uzi mmoja.

"Mteja ambaye hajamaliza kusema, kitambaa chake hakikatwi," akasema. "Kinakunjwa."

Atafungua ile inchi, arudishe mkono wa zamani kulia. Kushoto utabaki ule mpya, uliokosewa, ambao ndio sahihi. Akanipima yote miwili hata hivyo, kwa tepu ya njano, akisoma kwa sauti kama mtoto wa shule, asije akatoa mbili.

Jumatano, 14 Agosti

Shati limekwisha. Nimelivaa, nimefunga vifungo vyote. Kulia kifundo, kushoto kifundo. Nimesimama mbele ya kioo cha kinyozi mpaka kinyozi ameniuliza kama nimekuja kunyoa au kuchumbia. Ukiliona nilivyolivaa, huwezi kujua kitu.

Nilimwambia fundi kuhusu kwaya, kwamba nimekosa. Akasema, "Vaa shati lako, nenda."

Jumamosi, 17 Agosti. Isongole

Tumefika saa sita, mimi na baba mdogo Eliudi. Toka njia panda ya Mpemba tumekuja nyuma ya pikapu ya mbolea, vumbi mpaka kwenye kope. Milima ya huku inakupokea kwa kukupandisha.

Mzee Jonasi ni mrefu, mkimya, anavaa koti juu ya sweta juu ya shati. Nilichuchumaa, nikapiga makofi ya viganja polepole kama nilivyofundishwa, macho chini. Macho yangu yakiwa chini yaliona nini? Vifundo viwili, mikono miwili ya shati, yote imesimama mahali pake. Nikapewa kikombe cha togwa, nikakipokea kwa mikono miwili. Mzee alitazama mikono. Akaridhika, au akanyamaza, na kwa mzee huyu ni kitu kimoja. Wakati wa kunawa nilifungua kifungo cha kulia tu. Tumpale alileta ugali na maharage, akapita bila kunitazama, lakini mdomoni alikuwa anabana kicheko, nilikiona.

Mzee akasema tulale, tutaongea kesho kabla ya ibada.

Jioni mama Enesi, mama yake Tumpale, akaja. "Lete hilo shati, baba. Vumbi lote hilo uingie nalo kanisani? Nalifua sasa hivi, moto wa jikoni utalikausha, asubuhi litamalizia nje." Nimempa. Naandika nikiwa na sweta la Emanueli. Nimeshinda. Akili za fisi, mwalimu, zimefika Isongole na kurudi.

Jumapili, 18 Agosti

Niliamka nikasikia ukimya nje, ukimya wa watu wanaotazama kitu.

Mama Enesi ni mwanamke nadhifu. Hakulitupa shati juu ya uzio. Alipitisha kijiti mabegani, akalitundika katikati ya kamba, limenyooka kama mtu. Na mikono yote miwili imening'inia wima. Mmoja unafika hapa, mwingine unafika pale. Upepo ukija inapunga yote miwili, mrefu na mfupi, kuniaga.

Shati lililokaa vizuri mwilini mwangu, likivuliwa linasema kila kitu. Nilifikiria kuhusu mwili, kuhusu mzee, kuhusu vifungo. Kamba ya kuanikia sikuifikiria.

Mzee Jonasi alikuwa amesimama mbele yake na kikombe cha uji. Baba mdogo alikuwa pembeni. Mzee akaushika mkono wa kushoto, akaulinganisha na wa kulia, akapima kwa vidole. Vidole vitatu.

"Fundi wako nani?"

"Fundi Severini, baba. Wa Mlowo."

"Amekuibia kitambaa."

Baba mdogo Eliudi akawahi, mshenga kweli. "Mafundi wa barabarani hao, mzee mwenzangu. Wanashona huku wanatazama malori." Akanikonyeza.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichotakiwa ni kusema "ndiyo baba, fundi yule hovyo," maneno niliyoyasema stendi nzima ikacheka. Mdomo niliufungua. Nikamwona fundi anafuta meza ya cherehani, pale pale, pale pale.

"Hapana, baba," nikasema. "Fundi hakukosea. Shati liko kama mwenyewe."

Baba mdogo akakohoa. Mzee akaniangalia.

"Livae."

Nikalivaa, bado lina unyevu. Akaishika mikono yangu yote, akainyoosha mbele, kiganja kwa kiganja, kama anayelinganisha mbao. Mama Enesi na Tumpale walikuwa mlangoni mwa jiko.

"Nani aliuunga?"

"Uliunga wenyewe, baba. Niliuficha siku tatu." Nikamwambia mparachichi, sweta, tumbo. Ilitoka bila shida. Ilikuwa imeshatoka mara moja kwa fundi, njia ilikuwapo.

"Jembe unashika?"

"Nashika."

"Gunia?"

"Gunia silibebi, baba. Naandika."

Akanywa uji. "Yule wa Ikupa. Umeambiwa nilimrudisha kwa sababu ya kidole."

"Ndiyo, baba."

"Alikaa hapa siku mbili na mkono mfukoni. Nikimpa kikombe anapokea kwa mkono mmoja, kama ananidai. Nilimngoja autoe. Nikamwambia mama yake Tumpale, tumngoje mpaka chai ya jioni. Hakuutoa."

Nikaitazama mikono yangu. Bado alikuwa ameishika.

Akaiachia. Halafu akafanya kitu ambacho hata baba mdogo alibaki ameduwaa: akavua koti lake, akalitundika kwenye kile kijiti, pale lilipokuwa shati langu. Upande mmoja wa pindo umeliwa na kuraruka kwa kuburuzika. Akageuka. Bega lake la kulia limeshuka, limelala kama tuta lililopigwa na mvua.

"Mbao," akasema. "Ujana wangu wote nilibeba mbao bega moja. Makoti matatu nimeshonewa, yote yananing'inia huku. Mafundi wote nimewaambia kitambaa ni kibaya." Akavaa koti tena. "Huyo Severini wako anapima bega moja au mawili?"

"Mawili, baba. Ukimwambia."

"Sasa. Siku ya harusi siwezi kusimama na koti la namna hii." Akaingia ndani kutafuta kamba ya kujipimia.

Ilimchukua baba mdogo Eliudi muda kuelewa kilichosemwa. Tumpale alielewa kwanza. Alikimbilia jikoni na sufuria ikaanguka.

Jumanne, 20 Agosti. Mlowo

Asubuhi nilipitia kwa mama Tulinagwe pale sokoni. Nilisimama mbele ya vitenge vyake na wateja wake, nikafungua vifungo, nikanyoosha mikono yote miwili, nikamwambia siku ile kosa kubwa lilikuwa hili hapa. Wateja walicheka, na safari hii hawakumcheka fundi. Mama Tulinagwe akasema kwaya imeshashonewa, haifumuliki. Akasema Krismasi kuna sare za watoto wa shule ya Jumapili. Hakuahidi.

Halafu barazani. Fundi alikuwa anapinda suruali. Nikaweka mezani kamba ya mzee Jonasi, imefungwa mafundo: shingo mpaka bega, kulia, shingo mpaka bega, kushoto, urefu, pande zote mbili, kila upande na fundo lake.

Akaipitisha vidoleni. "Bega lipi limeshuka?"

"La kulia."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Akiwa na kikombe cha uji."

"Na mafundi wa kabla yangu, aliwaambia?"

"Hapana. Makoti matatu."

Fundi Severini akavua miwani, akaifuta, na kwa mara ya kwanza tangu Juni nikamwona anacheka.

"Makoti matatu," akasema. "Basi huyo kweli ni mkwe wako."